Si Wafanyakazi Waliompa Hitler Dola

Wapo wanaosema hadi leo kwamba wafanyakazi wa Ujerumani ndio waliomweka Hitler madarakani. Kura zinakataa. Novemba 1932, katika uchaguzi huru wa mwisho kabla hajawa Chansela, Wanazi walipata asilimia 33. Wasoshalisti wa SPD na Wakomunisti, vyama vilivyoota mizizi viwandani, vilipata 37 kwa jumla. Wafanyakazi waliompigia Hitler walikuwapo, hilo halina ubishi. Lakini aliyemkabidhi uchansela tarehe 30 Januari 1933 ni Rais Hindenburg, kwa ushawishi wa chansela wa zamani Franz von Papen na wenzake waliojidanganya kwamba watamwendesha.

Wengine hushikilia kwamba chama cha Wanazi kilikuwa cha wafanyakazi, eti jina lake lilitamka hivyo. Basi watazame nani alikilipia. Tarehe 20 Februari 1933 matajiri wa viwanda, Krupp akiwamo, waliitwa nyumbani kwa Göring, kigogo wa Wanazi, wakaahidi takribani marki milioni 3 za kampeni. Hawakupata hasara: sheria ya Januari 1934 ilimrudishia mwajiri amri yote kiwandani, na mishahara ikapangwa na maofisa wa serikali.

Shutuma nzito zaidi ni kwamba vyama vya wafanyakazi vilisalimu amri bila kupigana. Hii ina ukweli ndani yake, na ukweli huo unauma. Mwaka 1920 mgomo mkuu uliwaangusha waasi wa Kapp, waliojaribu kuipindua serikali, kwa siku chache tu. Kufikia 1932, watu kama milioni 6 hawakuwa na kazi. Aliyegoma asubuhi angeweza kukuta nafasi yake imeshachukuliwa jioni. Wakomunisti nao waliwaita SPD mafashisti, wakati adui wa wote wawili alikuwa mlangoni. Kisha Theodor Leipart na viongozi wenzake wa shirikisho la vyama wakawahimiza wanachama waandamane Mei Mosi 1933 katika sherehe za Wanazi, wakitumaini kuiokoa jumuiya yao. Kesho yake SA, wanamgambo wa Wanazi, walivamia ofisi za vyama nchi nzima. Huko Duisburg viongozi wanne waliuawa.

Utii ule ulikuwa kosa kubwa, nami siutetei. Ila kuwapaka wote tope hilo ni dhuluma. Juni 1933 Wanazi walimpeleka Wilhelm Leuschner, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, kwenye mkutano wa kazi wa kimataifa Geneva ili awasemee. Hakufungua mdomo. Aliporudi alikamatwa, akaonja kambi za mateso. Alipoachiwa aliendesha karakana ndogo Berlin, ikitengeneza vifaa vya mabomba ya bia, na safari zake za biashara zikawa njia ya kuwaunganisha wanachama wa zamani kwa siri. Walimnyonga Septemba 1944, baada ya jaribio la kumuua Hitler kushindwa.