Risala ya Wazazi na Walimu wa Dini wa Chanika kwa Mgeni Rasmi, kuhusu Somo la Dini Shuleni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, Waheshimiwa Masheikh, Mapadri na Wachungaji, wazee wetu, mabibi na mabwana,

  

 Sisi ni wazazi, pamoja na walimu wa kujitolea wa vipindi vya dini hapa Chanika. Kwa heshima na taadhima tunaleta kero zifuatazo.

1. Kipindi cha dini kinapofika, darasa hugawanyika: Waislamu kwa ustadhi wao, Wakristo kwa mwalimu wao. Utaratibu huo hatuupingi. Imani hulelewa na wenye imani, na Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, imeweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kinachotuumiza ni kwamba watoto hao hawana hata saa moja ya kukaa pamoja na kujifunza jirani anaamini nini, na kwa nini. Ustadhi na mchungaji hufundisha kutoka ndani ya imani. Hiyo ndiyo teolojia, na ina heshima yake. Taaluma ya dini huuliza mengine: dini hii ilianza wapi, ilifikaje pwani yetu, waumini wake hufanya nini na wenyewe wanakielewaje. Haimwamulii mtoto ipi ni ya kweli. Akiikosa, huijua dini ya mwenzake kwa kejeli za mtaani na mihadhara ya vipaza sauti. Mheshimiwa, Oktoba 2012 kule Mbagala ubishi wa watoto wawili kuhusu Kurani uliishia kwa makanisa kushambuliwa na kuchomwa moto. Tangu hapo tunasubiri, na watoto wetu bado wanasoma kwa kutengana.

Tunaomba kiwepo kipindi kimoja kila wiki cha kuwasomesha wote pamoja, bila kugusa vile vya kila dini.

2. Walimu wa vipindi vya dini hatuna mshahara. Anayetoka Msongola au Zingiziwa hujilipia nauli, na barabara ikiharibika kwa mvua hutembea. Hilo tumelizoea. Zito zaidi ni kwamba tumesoma madrasa au shule ya Biblia tu. Mwanafunzi akiuliza habari za dini nyingine, tunabahatisha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya falsafa na taaluma za dini, nacho kiko mkoa huuhuu.

Tunaomba mafunzo wakati wa likizo, pamoja na posho ya nauli.

3. Chanika ni Uzaramo. Mtoto hufundishwa Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, lakini jina la Kolelo, mzimu uliohusishwa na vita hivyo na ambao babu zake waliucha, hulisikia likitajwa kama ushirikina, basi. Marja-Liisa Swantz, mtafiti wa Finland, aliishi Bunju miaka ya 1960 akichunguza tambiko za Wazaramo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1970, kwa Kiingereza. Bibi zetu ndio waliosimulia, wajukuu zao hawawezi kukisoma. Hata mjadala mkubwa wa namna ya kuzieleza dini za Kiafrika ni wa kwetu Afrika Mashariki. John Mbiti, padri wa Kianglikana aliyefundisha Makerere, alitoa kitabu chake kuhusu dini za Kiafrika mwaka 1969. Okot p'Bitek wa Uganda akawapinga yeye na wenzake, akisema wanaivika miungu ya Waafrika mavazi ya Kigiriki. Je, mtu wa teolojia anaweza kuieleza dini ya wengine bila kuigeuza ifanane na yake? Swali hilo kijana wa kidato cha tano analimudu kabisa, na sisi tunaona ni dhuluma kumnyima.

Tunaomba vitabu vya Kiswahili juu ya dini zote za nchi hii, za jadi zikiwemo, viandikwe na vifike shuleni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaamini uwezo wa kuyatatua haya unao. Tunaomba majibu kwa maandishi kabla ya muhula ujao kufunguliwa.

Tunaomba kuwasilisha.