Chuo Kidogo Si Chuo Duni

Wako watu wapimao elimu kwa urefu wa majengo. Kijana akiwaambia kwamba amepata nafasi katika chuo kidogo cha Kikristo, hucheka na kumwuliza, "Huko utafundishwa nini ila kusali?" Wakisikia kwamba mwanafunzi wa sayansi atasoma historia, dini na lugha ya kigeni pia, husema kuwa anapoteza mali ya wazazi wake. Kicheko hicho ni cha ujinga, nami nakipinga.

Mwaka 1960 msichana wa Nyeri, Wangari Muta, alivuka bahari kwenda kusoma Marekani. Hakwenda katika chuo chenye sifa ya dunia nzima. Alikwenda Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha wanawake kilichoongozwa na masista Wabenedikto katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas. Somo lake kuu lilikuwa biolojia. Tena akajifunza kemia na Kijerumani. Wachekaji wangaliuliza: Kijerumani kina faida gani kwa mtoto wa mkulima? Mwaka 1967 alikwenda Ujerumani kwa ajili ya utafiti wa shahada yake ya udaktari. Mwaka 2004 dunia ilimtunza Nishani ya Nobel ya Amani, kwa jina la Wangari Maathai. Somo lililodhaniwa kuwa pambo liligeuka kuwa daraja.

Wengine husema kwamba vyuo vya namna hiyo ni vya matajiri. Vingi ni ghali, sikatai. Lakini Berea, jimbo la Kentucky, kilianzishwa mwaka 1855 na John G. Fee, mhubiri aliyepinga utumwa. Tangu mwaka 1892 hakimtozi mwanafunzi ada ya masomo, na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni. Anayeona haya kushika ufagio hana haki ya kulalamikia umaskini.

Sisemi kwamba udogo peke yake ni sifa. Chuo kidogo chaweza kuwa kibovu, na jina la Mungu langoni halimfanyi mwalimu mvivu kuwa hodari. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hiyo, kijana, usidanganywe na picha za bustani. Uliza: Chuo hiki kimeidhinishwa na serikali? Nani atanifundisha, naye atayasoma niandikayo na kunisahihisha? Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na chakula na malazi? Waliotangulia wako wapi leo? Chuo kisichoweza kujibu, kiwe kikubwa au kidogo, kiache.

Lakini kikijibu vema, nenda, wala usijali wachekao. Wahenga walisema: usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima. Shamba halimwulizi mkulima ukubwa wa jembe lake, humngojea alime.