Paisa Tatu za Hamid: Dhidi ya Uhakiki wa Mafunzo

Katika semina zetu za fasihi ya watoto pana swali ambalo huulizwa hata kabla kitabu hakijafungwa: je, hadithi hii ina funzo gani? Swali hili tumelirithi kutoka kwenye karatasi za mitihani, tukalivika joho la uhakiki, na sasa limetamalaki. Tunadai hapa kwamba ni kikwazo cha usomaji. Ushahidi wetu ni hadithi fupi moja iliyodhulumiwa nalo kupita kiasi, yaani “Idgah” ya Premchand, iliyochapishwa mwaka 1933.

Hamid, yatima wa miaka minne au mitano, anaandamana na wavulana wa kijiji chake, huko India, kwenda kwenye sala ya Idi mjini. Mfukoni ana paisa tatu (neno hilo hilo lililotuzalia pesa). Wenzake wananunua vinyago vya udongo na vitamutamu. Yeye ananunua koleo la chuma, kwa kuwa nyanya yake, Amina, huungua vidole kila anapoepua chapati.

Wahakiki wa mafunzo hushangilia papo hapo: tazameni mtoto mwekevu! Uwekevu upi? Mtoto huyu hakubakiza hata paisa moja. Alitumia mali yake yote mara moja, kwa kitu ambacho mwenye duka mwenyewe alimwambia hakimfai.

Anayehesabu kwa makini katika hadithi hii ni msimulizi, wala si Hamid. Mahmud ana paisa 12, Mohsin 15, Hamid 3. Kinyago ni paisa 2. Koleo linatajiwa bei ya 6, linashuka hadi 5, kisha linaachiliwa kwa 3. Amina alikuwa amepata ana nane kwa kushona nguo za watu, akaziweka kwa ajili ya Idi. Muuza maziwa akaja kudai chake, zikasalia ana mbili, ambazo ni paisa nane: tatu za mjukuu, tano za nyumba nzima. Nao akina baba wa kijiji siku hiyo wanahangaika mlangoni kwa tajiri, kwani akiwageuzia uso, Idi yao itageuka Muharram. Hesabu hizi zimewekwa wazi katika kurasa za mwanzo. Mhakiki anayezipita mbio ili alifikie “funzo” amekwisha kuusamehe mfumo uliomkabidhi mtoto paisa tatu, kisha anampongeza mtoto kwa kuzitumia vizuri.

Yamkini tutajibiwa kwamba vinyago vya wenzake vinavunjika ilhali koleo linadumu, na kwamba Hamid anawashinda kwa hoja. Ni kweli, anawashinda. Lakini anawashinda vipi? Huyu si mtawa. Anavitamani vinyago hivyo, mikono yake inavinyoshea. Anaponyimwa, anavibeza kuwa ni udongo mtupu. Akishalipata koleo, analiweka begani kama bunduki, analitangaza kuwa shujaa na simba, na kubwatuka mpaka askari na wakili wa udongo wanakosa la kusema. Maana yake ni kwamba hata koleo amelifanya kinyago! Hapa ndipo ufundi wa Premchand ulipo, na hapa ndipo uhakiki wa mafunzo unapofumba macho, kwa sababu mtoto mwenye wivu, mjanja na mwenye kelele hatoshei katika jibu la alama mbili.

Suala hili si la vyumba vya semina pekee. Darasani huketi watoto wasio na hata hizo paisa tatu, na mwalimu tuliyemfunza sisi huwasomea kwamba mtoto mwema hatamani. Katika pwani yetu, asubuhi ya Idi, watoto hupita nyumba kwa nyumba wakipokea mkono wa Idi, na jioni hakuna mtu mzima mwenye akili timamu anayewauliza wamemnunulia nyanya kitu gani. Desturi hiyo ina busara kuliko maswali yetu ya ufahamu.

Tena tusome mwisho wake bila haraka. Amina kwanza anajipiga kifua na kukasirika: mtoto ameshinda hadi adhuhuri bila kula wala kunywa, akaleta koleo! Baadaye ndipo hasira inapogeuka machozi. Msimulizi anasema waziwazi kwamba majukumu yamepinduka, mtoto ameigiza mzee na ajuza amekuwa kitoto. Wenzetu huuita upinduzi huo tuzo ya Hamid. Sisi tunauita hasara, na Amina ndiye wa kwanza kuiona. Anatandaza kitambaa chake na kumwombea dua, machozi yakimdondoka, na Hamid anamtazama asijue analilia nini.