Python, nani kakutuma uniandikie?

Haya wadau, leo nina hasira, mnivumilie.

Juzi mwenzangu wa chumba cha habari aliazima laptop yangu apige hesabu kidogo kwenye Python. Akabonyeza mshale wa juu. Yakaibuka majina na namba za simu za watu walionipa habari kwa sharti moja tu: wasijulikane. Nilikuwa nimeyachapa mwenyewe wiki iliyopita nikipanga orodha, nikafunga dirisha nikidhani yamekwisha.

Thubutu! Tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014, ukiichapia Python amri mojamoja kwenye Linux au Mac, mistari yako inahifadhiwa kwenye faili liitwalo .python_history. Ni maandishi ya kawaida, hayana kufuli. Jina linaanza na nukta, kwa hiyo kwa kawaida hulioni. Ukichapa nywila humo, nayo imo. Mwizi, fundi au askari aliyechukua mashine “kwa uchunguzi” anasoma tu kama gazeti.

Mtasema, “Si uzime?” Hapo ndipo penye kichekesho. Kwenye Node.js unaacha NODE_REPL_HISTORY tupu, basi, haihifadhi kitu. Kwa Python, nyaraka rasmi zinakuelekeza ufute sys.__interactivehook__ kwenye faili la PYTHONSTARTUP, yaani ndoano ileile inayowasha ukamilishaji wa maneno kwa Tab. Mwandishi gani wa mkoani atajua hilo? Toleo la 3.13 la mwaka 2024 likaleta PYTHON_HISTORY, lakini kazi yake ni kuchagua faili likae wapi. Kuhusu kama liwepo au lisiwepo, hujaulizwa.

Wapo wanaojibu kwamba historia inaokoa muda. Kweli, hata mimi naitumia. Lakini mshale wa juu unaweza kukumbuka tukiwa bado tunaongea bila kuandika chochote kwenye diski. Anayetaka zaidi na aombe. Siri ya mtungi aijuaye kata, wahenga walisema. Hawakutarajia kata itunze daftari.

Na lile la “kama huna baya, unaficha nini?” mniondolee. Siri ile si yangu. Ni ya mtu atakayefukuzwa kazi jina lake likionekana.

Kwa hiyo leo kabla hujalala, funga Python kwanza, kisha fungua faili hilo ulisome lote. Ukimaliza lifute, halafu uje uniambie kama nalalamika bure.