Anayekuambia "usijali vile inafanya kazi" anakuchezea

Wasee, kuna sentensi moja iko kwa karibu kila video ya kufundisha programu siku hizi: "Usijali vile inafanya kazi ndani, wewe kopi tu." Inasemwa kwa upole, kama shosh akikumiminia chai. Mimi nasema hiyo sentensi ndiyo inatuletea vijana, kutoka Kangari mpaka Nyeri mjini, wenye vyeti vitatu vya kozi na hawawezi kurekebisha kitu kikiharibika.

Tuchukue kitu ambacho kila mtu anakijua, M-Pesa. Safaricom iliianzisha Machi 2007. Kwa miaka mingi, kama ulitaka mfumo wako upokee malipo wenyewe, ulikuwa na kazi ngumu. Kuna watu walikuwa wanachomeka simu kwa kompyuta, halafu programu inasoma zile SMS za malipo moja moja. 2017 ikaja Daraja, mlango rasmi wa watengenezaji programu. Sahii mwanafunzi wa mwaka wa pili anatuma ombi fupi tu na simu ya mteja inaleta kile kidirisha cha kuweka PIN. Mitambo iko huko nyuma haijui, na hahitaji kuijua yote. Hiyo ni poa kabisa. Sitaki msee aniambie turudi kusoma SMS.

Lakini cheki penye kifuniko kinavuja.

Ukituma lile ombi, Daraja inakujibu papo hapo: ResponseCode 0, na maneno ya kusema mambo yamefaulu. Kijana aliyeambiwa asijali anaona sifuri, anafurahi, anaandika kwa skrini IMELIPWA. Shida ni kwamba hapo hakuna hata shilingi imetoka mahali. Ile sifuri inasema tu ombi limepokelewa. Mteja bado ameshika simu, PIN hajaweka. Jibu la ukweli linakuja baadaye, kwa ujumbe wa pili ambao unatumwa kwa anwani ya seva yako, na huo ndio una namba za maana: 0 amelipa, 1 salio haitoshi, 1032 amekataa mwenyewe, 1037 simu haikupatikana. Na kuna siku huo ujumbe wa pili hautakufikia kwa sababu seva yako ilikuwa chini, kwa hivyo lazima mfumo wako ujue kuuliza wenyewe: hii pesa ililipwa ama haikulipwa?

Sasa fikiria agrovet. Mteja anaagiza mifuko miwili ya mbolea, simu yake inaleta kidirisha, anabonyeza kukataa. Skrini ya duka inasema IMELIPWA. Anabebewa mbolea mpaka kwa boda. Jioni hesabu haifiki. Unadhani nani anakatwa mshahara, yule jamaa aliyetengeneza mfumo? Huyo alishalipwa na akaenda. Anayekatwa ni yule dada wa kaunta, na hatawahi kujua kwa nini.

Na si hiyo tu. Ile anwani ya seva yako iko wazi kwa intaneti. Mtu akiijua anaweza kuituma ujumbe unaofanana na ule wa M-Pesa, na mfumo ambao hauhakikishi chochote utaamini. Kujua hivi haihitaji PhD. Inahitaji tu mtu akuambie kwamba ujumbe wa intaneti ni kama barua, na barua inaweza kuandikwa na yeyote.

Mwaka wa 2002 Mmarekani mmoja, Joel Spolsky, aliandika makala kuhusu hii shida. Hoja yake ni kwamba kifuniko chochote kinachoficha ugumu kitavuja mahali fulani, kwa hivyo kinakuokolea muda wa kufanya kazi lakini hakikuokolei muda wa kujifunza. Hizo kozi za wiki nane zinakuuzia zote mbili kwa bei moja.

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Kwani abiria wa matatu lazima ajue injini?" Hapana, abiria alale tu. Lakini wewe hujaomba kazi ya abiria. Umeomba kazi ya fundi, na hata boda wa huku kwa milima anajua kusafisha plagi mwenyewe akikwama.

Na sisemi walimu wa upande ule mwingine wako sawa. Kuna wale wanaanza na mambo ya kumbukumbu ya kompyuta wiki ya kwanza, halafu mtihani unaandika msimbo kwa karatasi na biro. (Nasema msimbo. Kodi ni ile tunalipa KRA.) Hao wanafukuza watu mlangoni. Mtu aanze juu, afurahie, aone kitu chake kinatembea. Halafu afunguliwe kifuniko. Shida yangu ni na wale hawafungui kamwe, kwa sababu ukishajua kufungua hutarudi kununua kozi ya pili.

Watu wa majani chai tungefaa kuelewa hii stori haraka. Mzee anachuma majani mawili na kichipukizi, anapeleka kituoni, yanapimwa, basi. Kiwanda, mnada wa Mombasa, bei ya dola, yote yamefunikwa. Amerahisishiwa, ndiyo. Lakini bonasi ikishuka, anayeuliza swali la maana kwa mkutano ni yule anajua chai inauzwa kwa dola. Wengine wanaambiwa "soko ni mbaya" na wanaenda nyumbani.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Pale Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, kuna kampuni ya Semiconductor Technologies inayoshughulika na semikondakta, vile vitu vya chini kabisa ambavyo kila simu na kila seva imesimama juu yake. Yaani kijana wa Nyeri anaambiwa asijali kilicho chini, na hicho cha chini kiko Nyeri.

AI nayo haijabadilisha hii hesabu. Itakuandikia mfumo wote wa malipo kwa dakika moja, mara ingine sawa, mara ingine na ile sifuri ya kwanza imechukuliwa kama pesa. Utajuaje ni gani umepewa?

Kama uko na mfumo uliounganisha na Daraja, fanya hivi leo jioni. Jitumie ombi la shilingi moja, kidirisha cha PIN kikija, kataa. Halafu niambie kwa komenti skrini yako imesema nini.