Mgeni njoo, mwenyeji apone: kisa cha Simbi na madarasa yetu

Tangu Januari 2026, watoto wa kwanza wa mtaala wa CBC wako Gredi ya 10. Sisi wazazi tumehangaika na karo, sare na skuli aliyopangiwa mtoto. Lakini kuna jambo limetupita kimya. Kiswahili kimebaki somo la lazima, ilhali Fasihi na Historia na Uraia yamekuwa masomo ya kuchagua. Serikali nayo inalenga wanafunzi 60 katika kila 100 waingie mkondo wa sayansi.

Sina ugomvi na sayansi. Hofu yangu ni kwamba watoto wengi watamaliza skuli bila kuketi darasani kuzungumza habari za walikotoka. Na hao wachache watakaochagua masomo haya, je, watafundishwa kama tulivyofundishwa sisi? Historia ilikuwa asubuhi na Fasihi mchana, na mawili hayo hayakukutana hata siku moja.

Njia nyengine ipo, wala haihitaji fedha. Mwalimu wa Historia na wa Kiswahili wachague mada moja, walete mambo mawili mbele ya darasa, kisha wawaachie wanafunzi wazungumze.

Nitatoa mfano wa mbali na kwetu, kwa sababu nitakayoieleza. Katika kaunti ya Migori kuna Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyopangwa bila chokaa wala udongo wa kushikiza, na ambayo yamesimama tangu takriban karne ya 16. UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Watu walijenga kuta zile kujikinga wao na mifugo yao. Hiyo ni historia.

Jirani, kaunti ya Homa Bay, karibu na Kendu Bay, kuna ziwa dogo la maji ya chumvi liitwalo Simbi Nyaima. Wajaluo husimulia kuwa hapo palikuwa na kijiji. Siku moja akaja bikizee asiyejulikana, akaomba hifadhi, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea, naye akaambiwa aondoke upesi. Mvua ikanyesha usiku, kijiji kikazama. Hiyo ni fasihi simulizi.

Yaweke mawili hayo katika darasa moja, uulize: mlango tumfungulie nani? Mmoja atasema waliojenga ukuta walikuwa na haki, maana adui alikuwepo. Mwengine atasema Simbi ilizama kwa sababu ya ukuta wa moyoni. Wa tatu atauliza waliosimulia kisa hicho walitaka kuwafunza nini watoto wao. Hapo mwanafunzi amepima ushahidi wa historia, na amechambua dhamira na wahusika, bila kuandikiwa nukuu ubaoni.

Sasa turudi kwetu. Sisi ndio wenye methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone, na kisa cha Simbi ni kama ufafanuzi wake: aliyempokea mgeni ndiye aliyepona. Lakini Pwani hii hii, tarehe 13 Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na wiki zilizofuata watu wa bara wakawindwa. Zaidi ya 100 waliuawa, na makumi ya maelfu walikimbia makwao. Wenyeji nao waliumia katika msako uliofuata. Ni mada gani inayotuhusu kuliko hii? Na ni darasa gani la Pwani limewahi kuizungumza kwa utulivu?

Ndiyo sababu nimeanzia mbali. Ukianza na Likoni, kila mtoto atatetea kabila lake au msiba wa nyumbani kwao. Ukianza na bikizee wa Simbi, watakubaliana kwanza juu ya haki na utu, kisha ndipo wajitazame wenyewe. Wataweza hata kuuliza bila matusi kwa nini wenyeji walihisi wamenyang'anywa ardhi na kazi. Dai hilo lina historia yake, na kulijadili si kuhalalisha damu.

Walimu watasema hawana muda, mtihani unawangoja. Kipindi kimoja kila wiki mbili kinatosha. Wengine wataogopa siasa. Basi wawekeane masharti: hakuna kutaja kabila kwa dharau, kila hoja ije na ushahidi, na mwalimu asitoe hukumu. Wanafunzi wa sayansi nao waalikwe, kwani mlango huu unawahusu wote.

Kamati za wazazi zikikutana muhula huu, tusiishie kuuliza habari za chakula na madawati. Tuwaulize walimu: watoto wetu wanazungumza nini darasani? Wasipolizungumza hili kule mbele ya mwalimu, watalizungumza maskani, na huko wa kuwasimamia hakuna.