Kigoda Kisicho na Picha

Nyumbani kwetu, kwenye miinamo ya vilima vya Mua karibu na mji wa Machakos, palikuwa na kigoda cha babu. Kilikuwa cha miguu mitatu, kilichochongwa katika gogo moja, na juu ya kikalio kilitiwa nakshi ya nyaya nyembamba za shaba zilizogongwa hadi zikazama ndani ya mti. Sisi watoto hatukuthubutu kukikalia. Mwaka 1994 kilitoweka usiku mmoja pamoja na kuku wawili, na nilipokwenda kupiga ripoti, askari aliniuliza swali moja tu: "Una picha yake?"

Sikuwa nayo. Miaka kadhaa baadaye nilikiona, au nilidhani nimekiona, katika duka moja la vitu vya kale. Mwenye duka alicheka. "Mzee, hiki kimetoka Wamunyu juzi."

Nami ningemjibu nini? Tangu marehemu Mutisya Munge aliporudi Wamunyu kutoka Vita Kuu ya Kwanza na ufundi wa kuchonga aliojifunza Tanganyika, wachongaji wa Ukambani wamelisha nusu ya dunia kwa vinyago na vigoda. Hiyo ni kazi ya halali na ya kujivunia. Lakini mwizi wa kitu cha kale hujificha nyuma ya kitu kipya, na kumtoa huko kunataka ushahidi.

Ndugu msomaji, hebu tazama yaliyotokea Pwani. Mwaka 1985 mtaalamu mmoja wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha Mzee Kalume Mwakiru wa Kilifi akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Muda si mrefu vigango hivyo vikaibwa. Mnamo 1999, katika mkutano wa wasomi huko Marekani, Bi Udvardy alionyeshwa picha ya kigango kilichokuwa katika jumba la makumbusho la chuo kikuu cha Illinois State, akakitambua. Cha pili kilipatikana chuo kikuu cha Hampton, Virginia. Vyuo vyote viwili vilikubali kurudisha, na mwaka 2007 jamaa za mzee walifanya sherehe ya mapokezi. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Vigango vingi vingine vilivyouzwa ng'ambo havijulikani hata vilitoka mji wa nani, kwa kuwa havikupata bahati ya picha.

Bahati hiyo ndiyo inayotafutwa sasa kwa njia ya kompyuta. Tangu 2018 Makumbusho ya Taifa ya Kenya na washirika wake wa hapa na Ujerumani wamekusanya daftari la kidijitali la vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo, na wamekwisha kuandika zaidi ya 32,000 katika taasisi 30. Ni kazi kubwa, lakini daftari hilo linahesabu vilivyokwisha kuondoka. Kigoda kilichomo nyumbani kwa mtu Masinga au Mwala hakimo. Polisi wa kimataifa, Interpol, nao wana daftari lao, na tangu 2021 mtu yeyote anaweza kulitazama kwa simu. Kitu kisichoweza kutambulika waziwazi hakiandikwi humo. Ni swali lile lile la askari wangu.

Wala tusidhani ni uzembe wa Kiafrika. Mwaka 2023 British Museum ya London ilitangaza kwamba vitu vipatavyo 2,000 vimepotea, vimeibwa au vimeharibiwa, na vingi kati yake havikuwa vimeorodheshwa sawasawa.

Kwa maoni yangu daftari lianzie nyumbani, katika kata na vijiji, na serikali ya kaunti ilitunze. Vijana wetu wana simu zenye kamera. Picha za pande zote, rula kando, na alama zote za ukongwe hazichukui nusu saa. Nilipomweleza haya mzee mmoja jirani yangu, alinyamaza kidogo kisha akasema: "Mwanangu, na mwizi akilisoma hilo daftari?" Ana haki. Jina la mwenye mali na mahali pake pasiwekwe hadharani. Picha na vipimo vyatosha, mengine yafungiwe mpaka kitu kipotee. Na funguo apewe nani? Hapo ndipo pa kubishana katika mabaraza yetu, si kama kompyuta inafaa au haifai.

Mimi nimekwisha kuanza, kwa kibuyu cha shangazi. Kina kimo cha sentimita 31, michoro ya twiga wawili na nyoka, na ufa karibu na shingo alioushona kwa uzi mwaka ule alioolewa. Mishono ni kumi na moja. Nimeihesabu mara mbili.